Tulimtuma Kulwa Akanawe Uso

Jumapili jioni, Didia.

Mvua haijashuka. Mawingu yalikuja tangu asubuhi kutoka upande wa ziwa, yakasimama juu yetu kama wageni wanaochungulia mlangoni bila kubisha hodi, kisha yakaenda zao. Vumbi liko mpaka kwenye meno. Na mimi leo moyo wangu uko hivyo hivyo. Umejaa na haunyeshi.

Naandika nimechuchumaa jikoni, magoti yananiambia mambo yasiyoandikika. Kigoda changu hakipo. Nitasema kiko wapi, lakini acha nianzie mbali kidogo, mimi sijui kuanzia karibu.

Darasani sikukanyaga. Baba yangu alisema msichana akijua kuandika ataandikiana barua na wanaume, basi nikachunga mbuzi. Barua sikuandika na wanaume nikawapata vile vile. Herufi nilizipata ukubwani, nikiwa mama wa watoto, kwa binti yangu Kulwa alipokuwa darasa la tatu. Alikuwa akirudi shule ananikuta hapa hapa jikoni, anachukua kijiti, anachora kwenye majivu ya mafiga. "Mama, hii ni ka. Sema ka." Nikikosea ananichapa kidoleni kama mwalimu wake alivyomchapa yeye. Namwambia, mwalimu, utalala njaa wewe. Anacheka mpaka kijiti kinamdondoka.

Ka ndiyo ilikuwa ya kwanza kwa sababu mimi naitwa Kabula. Nilizaliwa mvua inanyesha. Mpaka leo nikiandika jina langu naona majivu.

Ukurasa huu alinifungulia Neema, binti wa Kulwa, anayesomea unesi Shinyanga mjini. Alisema, "Bibi, wewe una maneno mengi, yaweke mahali watu wayasome." Yeye hunipangia nukta na mkato. Maneno ni yangu, na makosa ni yangu.

Neema huja likizo. Mama yake haji.

Kulwa ana miaka saba hajakanyaga hapa nyumbani.

Yuko Bugarama, anapika chakula cha wachimbaji karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Sio mbali. Mtu akidamka mapema anafika hapa kabla jua halijawa kali. Watu wanatoka huko kuja kununua mchele wetu na kurudi siku hiyo hiyo. Yeye hunipigia Krismasi. "Shikamoo mama. Mzima? Haya, nashukuru." Simu imekatika nami bado nimeshika sufuria kwa mkono mwingine. Halafu nakaa pale najibu maswali ambayo hakuniuliza. Kwamba mguu umepona. Kwamba ile mbuzi yenye pembe moja imezaa. Kwamba nimeanika michembe mingi ya viazi mwaka huu, vilikubali, na hakuna wa kunilia michembe na karanga mpaka akalamba sahani kama alivyokuwa akifanya yeye.

Kulwa ni pacha. Mwenzake ni Doto, wa kiume, alimfuata kwa muda wa kuchemka maji ya ugali. Kwetu mapacha hupewa sawa. Ukinunua kanga moja unanunua na shati. Ukimchapa mmoja, mwingine unamgusa kidogo na fimbo asijione amesahauliwa. Marehemu mume wangu alichonga vigoda viwili kutoka gogo moja, kimoja cha Kulwa, kimoja cha Doto. Nilishika utaratibu huo mpaka wakawa watu wazima. Sikuwahi kukosea hata kwa nyama.

Nilikosea siku moja tu, ile iliyokuwa na maana.

Ni mwaka ule baba yao alipofariki. Kulwa alikuwa amerudi nyumbani na watoto wawili, ndoa imemshinda. Ya mume wake siyaandiki hapa, nitachafua ukurasa. Akaomba apewe majaruba matatu ya mpunga, yale ya kule bondeni. Hakuomba ng'ombe, hakuomba nyumba. Majaruba yale aliyalima na baba yake tangu akiwa na urefu wa mpini wa jembe. Anajua maji yanaingilia wapi, anajua tuta lipi linapasuka mvua ikizidi. Doto alikuwa akitumwa kule anatafuta kivuli analala.

Tukakaa kikao cha ukoo. Wanaume kwenye vigoda, sisi wanawake kwenye mkeka, nyuma, kama tulivyozoea. Doto ndiye alianza. Akafoka, akapiga kigoda chake teke kikabingirika mpaka mlangoni, akasema ardhi ya baba yake haigawiwi kwa watoto wa ukoo mwingine. Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Kijana ana uchungu na mali ya baba yake." Nami nikaona, kweli, ana uchungu.

Kisha akasimama Kulwa. Akaeleza vizuri, jambo moja baada ya jingine, bila kupiga kelele. Nilijivuna mpaka nikajikohoza. Akafika mahali pa kusema, "Baba aliniambia..." Hapo sauti ikakatika. Machozi yakamshuka.

Shemeji yangu Ngassa, mdogo wake marehemu, akainua mkono. Ngassa sio mtu mbaya, nisimsingizie. Ndiye aliyenichimbia kisima. Akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, nenda kanawe uso kwanza. Mambo ya ardhi yanataka akili iliyotulia."

Mimi ndiye niliyenyanyuka nikachota maji kwa kata. Mimi mama yake. Nikampa, akatoka nje.

Akiwa nje ananawa, sisi ndani tukaamua.

Wakaniuliza, "Mama Kulwa, unasemaje?" Nikasema, "Nyie wanaume ndio mnajua." Maneno manne. Kulwa akarudi, uso unamtiririka maji, kata mkononi, akakuta watu wanajipangusa vumbi kwenye suruali wanaondoka. Akaniangalia. Akaiweka kata mahali pake, akaifunika na sahani kama nilivyomfundisha, nzi wasiingie. Asubuhi yake akapanda gari na wanawe.

Nimeuliza moyo wangu miaka saba kwa nini nilisema vile. Zamani nilikuwa najibu, ndiyo mila. Uongo. Mila haikunishika mdomo. Niliogopa. Nilikuwa mjane wa miezi miwili, nikijua nitazeeka mikononi mwa Doto. Na nitaandika na hili, ingawa mkono hautaki: nilimwonea aibu. Mwanangu mmoja alipiga kigoda teke nikaona ni mwanaume. Mwanangu mwingine alilia nikaona ananiaibisha mbele ya mashemeji.

Wote wawili walikuwa wanamlilia baba yao. Mmoja alimlilia kwa mguu.

Sasa ya leo.

Doto amerudi kutoka Geita wiki iliyopita. Miaka mitatu ameishi kwenye maduara, yale mashimo wanayoshuka kwa kamba kutafuta dhahabu, na amerudi mwembamba, macho yamezama, kucha zimebaki nusu. Ametaka tukae. Tumekaa leo baada ya ibada, Ngassa, wazee wengine wawili, Doto, na mimi kwenye mkeka wangu.

Anataka kuuza majaruba ya bondeni, aingie na wenzake kwenye duara jipya. Anasema hili lina mwamba mzuri. Maduara yote yana mwamba mzuri mpaka uingie.

Akaanza kueleza. Jinsi wenzake wa rika moja wamejenga, yeye analala kwenye turubai. Jinsi anavyopita kijijini anasikia watu wanapunguza sauti. Akasema, "Baba angekuwepo angenionea haya." Hapo sauti ikakatika. Doto wangu, baba wa watoto wanne, akafunika uso na viganja akalia kwa sauti.

Mzee mmoja akatoa leso akajifuta na yeye. Ni mwanangu, nimemnyonyesha huyu ziwa la kushoto, la kulia lilikuwa la Kulwa. Ngassa akatoa karatasi ya makubaliano mfukoni, imekunjwa mara nne, na kidude cha wino cha kuwekea dole gumba.

"Kalamu," nikasema. "Mimi jina langu najua kuliandika."

Wakanipa. Nataka mjue kwamba nilikuwa naandika. Sikuwa na wazo jingine. Nilikuwa naenda kuyauza majaruba yale ili mwanangu anyamaze kulia, basi. Nikaandika Ka.

Ngassa, amenisimamia kichwani, akasema, "Harakisha, shemeji. Mwanaume akilia namna hii ujue jambo limemfika."

Kalamu ikasimama.

Nikaiangalia ile ka. Nikaona majivu, nikaona kijiti, nikaona kidole kidogo kinanichapa.

"Na Kulwa alipolia hapa," nikasema, "lilikuwa limemfika nani?"

"Shemeji, hayo ni ya zamani."

"Alisimama pale pale aliposimama huyu. Alimtaja baba yake kama huyu alivyomtaja. Machozi ni yale yale, yametoka tumbo moja. Ya huyu mnayafutia leso, ya yule mkasema hana akili."

"Yule alikuwa na hasira za kuachika," Ngassa akasema.

"Na huyu ana za kukosa dhahabu. Tofauti iko wapi? Iko kwenye suruali?"

Mzee mmoja akacheka kabla hajajizuia, kisha akajifanya anakohoa. Ngassa akaniambia nimekuwa mkali siku hizi. Nikamwambia nilikuwa mkali siku zote, ila ukali wangu nilikuwa naumalizia kwenye mboga.

Halafu nikanyanyuka, nikaenda mtungini, nikachota maji kwa kata ile ile. Nikampelekea Doto. Nikamwambia, "Mwanangu, nenda kanawe uso."

Akaniangalia. Mtoto anajua. Akachukua kata akatoka.

Mzee wa upande wa mlangoni akafungua mdomo. Nikamwambia, "Hapana. Hapa hasemi mtu mpaka arudi." Tukakaa kimya watu wazima wanne, tunasikiliza maji yanamwagika kwenye vumbi nje. Kuku akaingia, akatuangalia, akatoka. Ni muda mrefu, ule wa mtu kunawa uso. Sikuwahi kujua. Siku ile ulitosha kumaliza haki ya mtoto, na nilidhani ni muda wa kufumba na kufumbua.

Doto akarudi. Akatukuta tulivyokuwa, karatasi pale pale, na Ka yake.

"Tumekusubiri," nikamwambia. "Hakuna aliyeamua lolote nyuma yako."

Akakaa. Akazungusha kata mkononi, muda. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kwake. Akasema, "Siku ile nilikuwa nasikia maji yake nje. Nikajua bado hajamaliza. Nikanyamaza ili mmalize nyie kwanza."

Miaka saba na yeye amekuwa akisikia maji.

"Mama," akasema, "mpigie."

Hapo ndipo nilipokwenda jikoni kuchukua kigoda. Kigoda cha Kulwa ndicho ninachokalia nikipika, tangu alipoondoka. Kimekuwa cheusi kwa moshi, mguu mmoja umeliwa na mchwa, ukikaa vibaya kinakubwaga. Nikakiweka katikati ya vigoda vyao. Ngassa akasema, "Shemeji, hicho kitachafua watu." Nikasema hatakikalia yeye. Na hakuna aliyekikalia. Tukakiangalia tu, wakati Doto anatafuta namba kwenye simu yangu na kuweka sauti kubwa.

Ikaita mpaka karibu kukata.

"Mwadila mayu," Kulwa akasema, salamu ya kwetu ya mchana kwa mama, haraka haraka. Nyuma yake karasha inanguruma. "Nani amekufa?"

Maana sisi humpigia kwa msiba tu.

"Hajafa mtu. Tuko kwenye kikao cha majaruba."

Karasha ikanguruma peke yake.

"Mmeshauza?"

"Hatujauza. Tunakusubiri wewe."

Doto akainama kwenye simu, akapumua.

"Na huyo Doto anapumulia nini kwenye simu?" Kulwa akasema. "Aseme."

"Umejuaje ni mimi?"

"Tulilala tumbo moja, mjinga wewe, nisijue unavyopumua?"

Nilicheka kwa sababu ni sauti ile, ya mwalimu wangu wa majivu, sio sauti ya Krismasi. Doto akamwambia aje Jumamosi. Akamwambia kwamba yeye anataka kuuza, hafichi, bado anataka, lakini hatauza kabla hajamsikia.

"Nije," Kulwa akasema taratibu, "mnitume nikanawe?"

Wazee wakaangalia fimbo zao. Ngassa, Mungu amsaidie, akaegemea simu akasema, "Mwanangu, njoo, ila uje umetulia."

"Asitulie!" nikasema. "Shemeji, nyamaza. Kulwa, njoo hivyo hivyo ulivyo. Kigoda chako nimekitoa. Ukilia, utalia umekaa, na sisi tutangoja umalize."

Nikasikia anavuta pumzi. Nikasikia mtu huko anamwita, mama, ongeza mchuzi.

"Nitaangalia, mama," akasema. "Nina wateja."

Simu ikakatika.

Nitaangalia. Neno hilo nimelishika tangu saa nane, nalipindua kama kiazi cha moto. Sio ndiyo. Sio hapana. Mtu wa kwetu akisema nitaangalia, anaweza kuja kesho, anaweza asije mpaka wakuzike.

Wazee wamekwishaondoka. Ngassa amebeba karatasi yake, ameniambia mlangoni kwamba nimeamua kwa moyo badala ya akili, na kwamba ndiyo shida ya kuwapa wanawake neno. Sikumjibu pale, namjibu hapa, asomewe na mwanawe. Ni kweli, Ngassa. Nimeamua kwa moyo. Nimemtamani mwanangu kwa miaka saba mpaka mifupa imepata kutu. Wala sijijazi sifa: Kulwa angekuwa anaishi hapo jirani, namwona kila siku, pengine ningemalizia ile bula ya jina langu na majaruba yangekwisha. Lakini na wewe uliamua kwa moyo. Ulimwonea huruma Doto kwa sababu ulijiona wewe ndani yake. Siku ile uliogopa machozi ya Kulwa kwa sababu hukujua uyafanyie nini, ukayatoa nje. Tofauti yetu ni kwamba wa kwako unaitwa busara.

Doto yuko uani anapasua kuni. Hatujazungumza zaidi. Sijui nitamwambia nini kama Kulwa akikataa kuuza, sijui nitamwambia nini Kulwa kama Doto akilia tena. Nina watoto wawili na majaruba matatu, hayagawanyiki sawa hata ukiyakatia kamba. Nilidhani uzee ni kujua. Kumbe ni kuuliza ukiwa na magoti mabovu.

Maji ya ugali yamechemka. Nimepika leo nimechuchumaa, na Jumatatu nitapika nimechuchumaa, na Jumanne. Kigoda sikirudishi jikoni. Nimekifuta moshi kwa maji na mchanga, weusi haukutoka wote. Doto ameona, akachukua kisu akauchongea ule mguu kipande kipya cha mti. Amekijaribu kwa mkono, hakitikisiki.

Ijumaa nitaloweka michembe. Nitatwanga karanga nyingi, za kulamba sahani. Na kata nimeitoa kwenye mtungi, nimeipeleka kwa kuku wanywee.

Jumamosi, Kulwa, utakaa upande gani? Nataka nijue nikuwekee kigoda pasipopigwa na jua.